Willem Drees: mzee wa pensheni, na vita alivyovikubali

Swali limetoka kwa dada Mzanzibari anayefanya kazi katika makao ya wazee mjini Rotterdam. Anasema bibi mmoja wa miaka tisini na ushei humwambia kila mwezi kwamba “Drees yangu imeingia”. Alipomuuliza Drees ni nani, bibi alishangaa kuwa kuna mtu mzima asiyemjua. Katika makao hayo hayo yupo mzee wa asili ya visiwa vya Maluku, Indonesia, ambaye akilisikia jina hilo hugeuza uso. Dada anauliza: mtu huyu alikuwa nani, kwa nini wazee hawa wawili hawakubaliani juu yake, na je, yeye aliyehamia Uholanzi ukubwani, miaka 14 iliyopita, ataipata pensheni hiyo?

Dada yangu, bibi na mzee wanamzungumzia mtu yule yule, na hakuna kati yao anayekosea.

Willem Drees alikuwa Waziri Mkuu wa Uholanzi kuanzia Agosti 1948 hadi Desemba 1958. Kabla ya hapo, akiwa Waziri wa Mambo ya Jamii, alisimamia sheria iliyowapa wazee wa miaka 65 na zaidi fedha za kujikimu kutoka serikalini. Sheria hiyo ilishika nyoyo za watu kiasi kwamba fedha zenyewe zikaitwa kwa jina lake, na bibi yako bado anaziita hivyo. Lakini Drees huyo huyo alikuwa mezani mara zote mbili serikali ya Uholanzi ilipoamua kupeleka majeshi kuishambulia Jamhuri changa ya Indonesia: mara ya kwanza mwaka 1947 akiwa naibu wa waziri mkuu, mara ya pili mwaka 1948 akiwa waziri mkuu mwenyewe.

Wengi humgawa mtu huyu vipande viwili. Wanampenda Drees wa pensheni, na Drees wa Indonesia wanamtaja kwa haraka kama aliyepitiwa na wimbi. Nimesoma na kufundisha historia ya Ulaya ya karne iliyopita kwa muda mrefu, na mgawanyo huo siukubali. Kwa maoni yangu tabia moja ndiyo iliyozaa yote mawili. Alikuwa mtu wa kikao: anayesikiliza, anayeandika, anayepiga hesabu, anayekubali kidogo leo ili apate kingine kesho, na asiyekuwa tayari kuvunja meza. Ukitaka kumwelewa, fuata tabia hiyo tangu ujana wake.

Alizaliwa Amsterdam tarehe 5 Julai 1886. Baba yake alikuwa karani wa benki, akafariki Willem akiwa na miaka mitano, na mama akabaki na watoto katika familia ya Kiprotestanti yenye msimamo mkali wa dini. Hakufika chuo kikuu. Alisoma shule ya biashara, akaajiriwa benki, na akajifunza hatimkato, yaani ule uandishi wa alama fupi fupi unaomwezesha mtu kunakili hotuba neno kwa neno. Mwaka 1904, akiwa na miaka 18, alijiunga na chama cha kisoshalisti cha SDAP. Miaka michache baadaye akapata kazi ya kunakili mijadala ya bunge huko The Hague, akaifanya hadi 1919.

Hebu fikiria kazi hiyo. Kijana wa itikadi za mrengo wa kushoto anakaa bungeni mwaka baada ya mwaka na haruhusiwi kusema hata neno. Anawasikia mabepari, Wakatoliki, Waprotestanti na wasoshalisti wakibishana juu ya mshahara, kodi na makoloni, naye wajibu wake ni kuandika kile hasa kilichosemwa, hata kama anakichukia. Wanasiasa wengi hujifunza kwanza kuhutubia. Drees alijifunza kwanza kusikia. Hakuwahi kuwa mhutubiaji wa kuwasha umati, lakini alijua kanuni za bunge kuliko wengi waliochaguliwa, na hatimkato hakuiacha: hata akiwa waziri aliendelea kuandika kumbukumbu zake kwa alama hizo, na wanahistoria wa baadaye walilazimika kuzifumbua kwanza ndipo wazisome.

Mwaka 1913 aliingia baraza la jiji la The Hague, na kuanzia 1919 hadi 1933 alikuwa miongoni mwa viongozi watendaji wa jiji, kwanza akishughulikia mambo ya jamii, kisha fedha. Kipindi hiki hupitwa haraka katika masimulizi, nami naona hapo ndipo alipoiva. Wakati huo mzee maskini wa Uholanzi aliishi kwa huruma. Kama watoto hawakuwa na uwezo, alikwenda kwenye kamati ya kanisa au ofisi ya misaada ya maskini, akahojiwa, nyumba yake ikakaguliwa, jirani wakaulizwa, ndipo apewe kiasi fulani. Mwenye kujistahi aliona bora alale njaa. Drees aliyaona mafaili hayo mezani kwake kila wiki. Alielewa kwamba kilichowaumiza watu kilikuwa zaidi ya uchache wa msaada. Ni kule kupiga magoti ili uupate.

Mwaka 1933 akawa mbunge, na 1939 kiongozi wa wabunge wa chama chake. Mei 1940 Ujerumani ikaivamia Uholanzi, malkia na mawaziri wakakimbilia London. Oktoba mwaka huo Wajerumani walimkamata Drees pamoja na Waholanzi wengine mashuhuri wakawapeleka kambi ya Buchenwald. Walikuwa mateka wa kulipiza kisasi, kwa sababu utawala wa Kiholanzi huko Indonesia ulikuwa umewaweka Wajerumani kizuizini. Yaani koloni lilimgusa Drees mwilini kabla hajakabidhiwa kuliamulia. Mateka hao hawakutendewa unyama waliotendewa wafungwa wengine wa Buchenwald, ila waliuona. Alirudishwa Oktoba 1941 akiwa mgonjwa, na tangu hapo hadi mwisho wa vita akawa mmoja wa wanasiasa waliokutana kwa siri kupanga nchi itaendeshwaje Wajerumani wakiondoka. Hapo alikaa na Wakatoliki na Waprotestanti ambao kabla ya vita walikuwa mahasimu wake, na urafiki huo wa hatari ndio uliozaa serikali za mseto za baadaye.

Vita vilikwisha Mei 1945. Majira ya baridi ya mwisho yalikuwa yameua watu takribani 20,000 kwa njaa katika miji ya magharibi, na wazee walikuwa wengi miongoni mwao. Drees, akiwa na miaka 58, akawa Waziri wa Mambo ya Jamii. Mipango mikubwa ya bima ya jamii ilikuwa inajadiliwa, ila wataalamu na vyama hawakupatana: nani achangie, waajiri wawe na sauti gani, kanisa lisimame wapi. Mjadala ungechukua miaka. Drees akasema wazee hawana miaka. Akaandaa sheria ya dharura, ya muda tu, ipite kwanza, na ule mfumo wa kudumu ufuate baadaye.

Sheria hiyo ilipita Mei 1947, na malipo yakaanza tarehe 1 Oktoba 1947. Fedha zilitoka hazina ya serikali, kwa hiyo mzee hakutakiwa kuwa amechangia chochote kabla. Kipato chake kiliangaliwa, na mwenye nacho hakupewa, lakini vipimo viliandikwa wazi katika sheria. Hakuna tena kamati ya kukagua kabati lake. Huko ndiko kulikokuwa kupinduka kwenyewe, dada. Fedha hazikuwa nyingi. Ila mtu aliyelima, aliyebeba magunia bandarini, aliyefua nguo za watu maisha yake yote, alikwenda kuchukua kilicho chake bila kumwambia mtu ahsante. Kama mama yako yuko Unguja na amefika miaka 70, bila shaka unaijua hisia hiyo kutokana na pensheni jamii iliyoanzishwa na serikali ya Zanzibar mwaka 2016, ambayo ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee bila kuulizwa anamiliki nini. Kiasi ni kidogo, na bado mzee hutembea tofauti siku ile.

Sheria ya muda ya Drees iliishi karibu miaka kumi. Tarehe 1 Januari 1957 nafasi yake ilichukuliwa na bima ya kudumu ya uzee, ambayo Waholanzi huiita AOW, na ambayo kila mkazi mwenye kipato huichangia. Waziri aliyeifikisha bungeni alikuwa Ko Suurhoff, mwanachama mwenzake, si Drees, ingawa wananchi wameendelea kumpa Drees sifa zote. Nakuomba pia usiipambe sheria hiyo kupita kiasi. Mwanamke aliyeolewa hakuwa na pensheni yake mwenyewe. Ya wanandoa ilihesabiwa kuwa ya mume. Hilo lilirekebishwa mwaka 1985 tu. Kama wazazi wa bibi wa Rotterdam waliifikia pensheni hiyo, muulize siku moja fedha ziliingia kwa jina la nani. Utapata hadithi nzuri kuliko zangu.

Uchaguzi wa 1948 ulikipa chama cha Kikatoliki, KVP, viti 32 kati ya 100, na chama kipya cha wafanyakazi, PvdA, ambacho SDAP ilikuwa imejiunga nacho miaka miwili nyuma, viti 27. Hata hivyo aliyekuwa waziri mkuu ni Drees wa chama cha pili. Wakatoliki walimkubali kwa sababu alikuwa anatabirika. Akaongoza mabaraza manne ya mawaziri kwa miaka kumi, siku zote pamoja na Wakatoliki na wengineo, hajawahi kuwa na wingi wa kwake peke yake. Mwaka 1954 maaskofu wa Kikatoliki walitoa waraka uliowakataza waumini kujiunga na chama cha wafanyakazi viwandani cha wasoshalisti, na hata kusikiliza redio yao. Wengi katika PvdA walikasirika. Drees aliendelea na kikao kilichofuata, na katika uchaguzi wa 1956 chama chake kikawa cha kwanza. Katika baraza lililoundwa baada ya uchaguzi huo aliingia Marga Klompé, Mkatoliki, waziri wa kwanza mwanamke katika historia ya nchi hiyo.

Maisha yake binafsi yaliwasadikisha watu. Hakunywa pombe. Aliishi na mkewe, To, waliyeoana mwaka 1910, katika nyumba ya kawaida mtaa wa Beeklaan, The Hague, na akapenda kutembea kwa miguu kwenda kazini. Inasimuliwa kwamba wajumbe wa Marekani walifika nyumbani kwake wakati wa mazungumzo ya msaada wa Marshall, yaani fedha za Marekani za kuijenga upya Ulaya baada ya vita, mke wa waziri mkuu akawapa chai na biskuti moja moja, nao wakatoka wakisema nchi yenye kiongozi wa namna hii haitatapanya fedha. Waholanzi hukisimulia kisa hiki kila wanasiasa wao wanapojipandishia marupurupu. Uholanzi ilipata takribani dola bilioni 1.1 za msaada huo.

Ubanaji matumizi huo haukuishia nyumbani kwake. Serikali ilipanga mishahara kutoka juu, ikaishikilia chini ili bidhaa za Uholanzi ziuzike nje na viwanda vifufuke. Vyama vya wafanyakazi vilikubali kwa sababu vilimwamini Drees, na mfanyakazi alingoja miaka mingi kabla ya kuonja matunda. Nyumba zilikuwa adimu mno; vijana walioana wakaishi chumba kimoja kwa wazazi. Serikali ikawahimiza watu wahamie Kanada, Australia na kwingineko, na mamia ya maelfu wakaondoka. Kauli inayohusishwa naye hadi leo ni kwamba si yote yanawezekana, na hakika si yote kwa pamoja. Haba na haba hujaza kibaba, wangesema bibi zetu, na Drees aliiendesha nchi nzima kwa hesabu hiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 bahari ilipovunja kingo na kuua watu 1,836 kusini magharibi, serikali yake ndiyo iliyoanzisha mpango mkubwa wa kuziba midomo ya mito, ambao ukiwa Rotterdam unaishi chini ya ulinzi wake.

Sasa nifike kwa mzee wa Maluku.

Tarehe 17 Agosti 1945 Sukarno na Hatta walitangaza uhuru wa Indonesia. Uholanzi haikukubali. Karibu kila chama, pamoja na wasoshalisti, kiliamini kwamba bila Indonesia nchi ingefilisika, na kwamba Waindonesia walihitaji kuongozwa hatua kwa hatua. Kulikuwa na makubaliano ya Linggadjati, yaliyotiwa saini Machi 1947, kisha kila upande ukayasoma kwa namna yake. Tarehe 21 Julai 1947 jeshi la Uholanzi likashambulia Java na Sumatra. Wakubwa waliyaita mashambulizi hayo hatua za kipolisi, ili dunia isiseme kuna vita kati ya nchi mbili. Lengo mojawapo kubwa lilikuwa kuyashika mashamba makubwa na maeneo yenye mazao ya kuuza nje. Waziri wa fedha, Piet Lieftinck, wa chama cha Drees, alikuwa anaona hazina inakauka.

Tazama tarehe hizo vizuri. Sheria ya wazee ilipita Mei. Mashambulizi yalianza Julai. Malipo ya kwanza yalitoka Oktoba. Tarehe 9 Desemba 1947 wanajeshi wa Kiholanzi waliingia kijiji cha Rawagede, Java ya Magharibi, wakawapanga wanaume wakawapiga risasi. Waindonesia wanahesabu waliouawa kuwa 431. Yote ni ndani ya mwaka mmoja, mbele ya baraza lile lile la mawaziri. Sisemi kwamba pensheni ililipwa kwa damu ya Rawagede. Fedha zile zilitoka kwenye kodi za Waholanzi. Nasema kwamba mtu aliyemwona kwa uwazi kabisa mzee maskini wa The Hague hakumwona mkulima wa Java kwa jicho hilo hilo, na kwamba mezani hakuwepo Mjava wa kumkumbusha.

Desemba 1948 Drees alikuwa waziri mkuu, na hapo hakuna pa kujificha. Louis Beel, waziri mkuu aliyemtangulia, sasa alikuwa mwakilishi mkuu wa Uholanzi huko Batavia, Jakarta ya leo, na alitaka Jamhuri imalizwe kwa nguvu. Hatta akatuma barua ya kulegeza msimamo. Baraza la mawaziri likagawanyika: Drees na mawaziri wa PvdA waliona barua hiyo inastahili kupewa nafasi, Wakatoliki na Beel wakataka jeshi liende. Kumbukumbu za siku hizo zinamwonyesha Drees akisita na kutafuta muda zaidi. Mwishowe alikubali. Kama angekataa, serikali ingeanguka, na alihofia kwamba itakayofuata ingekuwa kali zaidi, tena bila wasoshalisti ndani. Tarehe 19 Desemba askari wa miavuli walishuka Yogyakarta, makao makuu ya Jamhuri, Sukarno na Hatta wakakamatwa.

Hesabu hiyo ilikuwa ya mtu yule yule wa kikao: kubaki ndani, kupunguza madhara, kungoja. Katika pensheni ilimfikisha. Hapa haikumfikisha, kwa sababu waliokuwa wanangojeshwa walikuwa wanauawa. Na tusidanganyane, dada, alikuwa na njia nyingine. Waziri mkuu anayejiuzulu usiku ule angeifanya vita ile iwe ngumu kuendesha. Vijana wa Kiholanzi waliokataa kupanda meli kwenda Indonesia walifungwa jela. Walichokiona wao, wengi wakiwa na miaka ishirini, waziri mkuu wa miaka 62 mwenye uzoefu wa Buchenwald alikuwa na kila sababu ya kukiona.

Mashambulizi yalishinda kijeshi na kushindwa kwa kila namna nyingine. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilidai viongozi waachiwe, Wamarekani wakaanza kutikisa msaada wao, wapiganaji wa msituni wakaongezeka. Hapo uvumilivu wa Drees ukarudi kuwa na faida: alimwacha waziri wake wa Maeneo ya Ng'ambo, Sassen, aliyetaka kuendelea na ukali, ajiuzulu Februari 1949, akageuza nchi kuelekea mazungumzo. Kuanzia Agosti hadi Novemba 1949 mkutano ulikaa The Hague, na tarehe 27 Desemba 1949, katika kasri la Amsterdam, Malkia Juliana alikabidhi mamlaka mbele ya Hatta. Indonesia ililazimishwa kubeba madeni ya zaidi ya gilda bilioni 4, na Guinea Mpya ya magharibi ikabaki mikononi mwa Uholanzi, jambo lililoleta ugomvi mwingine hadi 1962. Kati ya 1945 na 1949 walikufa wanajeshi takribani 5,000 wa upande wa Uholanzi, na Waindonesia takribani 100,000.

Wamaluku wengi walikuwa wametumikia jeshi la kikoloni la Uholanzi. Baada ya uhuru hawakutakiwa Indonesia, na hawakukubali kuachiwa huko. Mwaka 1951 serikali ya Drees iliwaamuru wapande meli, askari na familia zao, watu takribani 12,500, wakiamini watakaa miezi michache. Walipofika waliambiwa kwamba wameachishwa jeshi. Fikiria baba aliyevaa sare maisha yake yote, anateremka bandarini na watoto, kwenye baridi, anaambiwa hana kazi tena. Wakawekwa kambini, mojawapo ikiwa Westerbork, ile ile ambayo Wajerumani waliitumia kuwasafirisha Wayahudi kwenda kuuawa. Wengine walikaa katika kambi kama hizo kwa miaka mingi. Kwa hiyo mzee wako anapogeuza uso, pengine anamkumbuka baba yake siku ile. Usimweleze habari za pensheni. Mwache akwambie yake.

Mwaka 2011 mahakama ya The Hague ilisema dola ya Uholanzi inawajibika kwa wajane wa Rawagede. Februari 2022 utafiti mkubwa wa taasisi tatu za Uholanzi ulihitimisha kwamba jeshi lilitumia ukatili uliopindukia mara kwa mara na kwa mfumo, na wanasiasa wakaufumbia macho. Waziri Mkuu Mark Rutte akaomba radhi siku hiyo hiyo. Drees hakuwepo tena kuyasikia.

Kuna jambo la 1956 linaloonyesha tabia ile ile kwa upande mwingine. Malkia Juliana alikuwa amemwamini sana Greet Hofmans, mwanamke aliyedai kuponya kwa maombi, aliyeletwa ikulu kwa ajili ya macho ya binti yake mdogo. Ndoa ya malkia ikayumba, magazeti ya nje yakaandika. Chini ya serikali ya Drees iliundwa kamati ya wazee watatu akiwemo Beel, Hofmans akaondolewa ikulu, na ripoti yenyewe ikafungiwa. Wananchi waliisoma mwaka 2008. Ufalme ulinusurika. Kikao kilifanya kazi yake kimya kimya, na umma haukuambiwa kitu.

Serikali yake ya mwisho ilianguka Desemba 1958 kwa mzozo wa kodi. Aliondoka akiwa na miaka 72 na akaendelea kuandika na kusema kwa miaka mingi. Vijana wa PvdA wa miaka ya sitini walimwona amepitwa na wakati. Yeye akawaona wanaahidi bila kuhesabu. Mwaka 1971 alikihama chama alichokijenga, akiwa na miaka 84. Mwanawe, Willem mdogo, aliongoza chama kipya kilichojitenga na PvdA, lakini baba hakujiunga nacho. Mkewe alifariki 1974. Yeye alifariki The Hague tarehe 14 Mei 1988 akiwa na miaka 101, kwa hiyo alipita umri wake wa pensheni kwa zaidi ya miaka thelathini na mitano. Mwaka 2004 watazamaji wa televisheni walipopiga kura ya Mholanzi mkuu wa nyakati zote, Drees alishika nafasi ya tatu.

Mimi namheshimu kwa 1947 na simsamehe 1948. Wewe unayewahudumia bibi na mzee huyo kwa mikono yako miwili huna haja ya kumchagulia yeyote kati yao namna ya kukumbuka.

Na sasa pensheni yako. AOW haiulizi ulizaliwa wapi, wala haiangalii mshahara wako ulikuwa mkubwa kiasi gani. Inahesabu miaka uliyoishi au kufanya kazi Uholanzi kihalali katika miaka 50 kabla ya umri wa kustaafu: kila mwaka unakupa asilimia 2. Umeandika kwamba umefika huko miaka 14 iliyopita, kwa hiyo tayari una asilimia 28 ya pensheni kamili, na kila mwaka unaokaa unaongeza. Umri wa kuipokea ni miaka 67 tangu 2024, na utakuwa miaka 67 na miezi 3 mwaka 2028. Inalipwa na Sociale Verzekeringsbank, yaani shirika la bima ya jamii, na unaweza kuingia kwenye tovuti yao kuona miaka yako iliyoandikwa. Fanya hivyo mapema, kwa sababu miaka ya mwanzo ya wahamiaji ndiyo hukosekana mara nyingi, na ni rahisi kuithibitisha ukiwa bado na mikataba ya kazi na ya nyumba. Ukipanga kurudi Unguja uzeeni, waulize kabla ya kufunga mizigo, maana kiasi kinacholipwa nje ya nchi hutegemea kama Uholanzi ina mkataba na nchi unayokwenda.